Kila Boila Ikilia

Kufuli alipata jina hilo kutokana na kitu alichokuwa akiiba. Makufuli. Si redio, si baiskeli, si kuku wa mtu, makufuli matupu. Alikuwa akipita njiani akaliona kufuli zuri linaning'inia mlangoni, nono, limenuna, vidole vinaanza kumuwasha. Analifungua kwa kipande cha waya, analitia mfukoni, anaenda zake. Mlango anauacha wazi na mali yote imo ndani. Siku ya kesi aliulizwa mahakamani kwa nini hakuchukua vitu vya ndani, akajibu kwa adabu zake zote, "Vizito, mheshimiwa."

Kilichomponza ni mbuzi. Alifungua kufuli la banda la watu, mbuzi akatoka, akamwangalia, akampenda. Akamfuata mpaka nyumbani. Polisi nao wakamfuata mbuzi.

Basi alifungwa, akakaa, akatoka. Alipotoka alipokelewa na dada yake, ambaye ndiye aliyemlelea binti yake wa pekee, maana mama wa huyo binti alishaolewa kwingine zamani na hakutaka hata kusikia habari za makufuli. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima sasa, fundi cherehani, mwenye maneno machache na macho yasiyokosa kitu.

Jumapili moja jioni, baba akiwa anajifanya anasoma gazeti la zamani, binti akaja akakaa karibu naye.

"Baba, Jumapili ijayo wazazi wa mchumba wangu wanakuja."

"Wakaribie."

"Watakuuliza unafanya kazi gani."

"Nitawaambia nilikuwa safari."

"Safari gani hiyo, baba, mtu anarudi hana hata begi?"

Kufuli akageuza ukurasa. Gazeti lilikuwa juu chini.

"Sitaki uwadanganye," binti akasema. "Ukiwadanganya, wewe utabaki hapa kwa shangazi, mimi ndiye nitakayekwenda kuishi na huo uongo ndani ya nyumba ya watu. Waambie ulifungwa. Lakini ukishalisema hilo, usinyamaze. Uwe na neno la pili."

"Neno gani, mwanangu?"

"Kazi. 'Nilifungwa, na sasa nafanya kazi mahali fulani.' Basi. Mimi sikuombi kingine."

Kufuli akalikunja gazeti taratibu. Alitaka kusema kitu kizito cha kibaba, akaishia kusema, "Sawa."

Kwa bahati alikuwa tayari amejiandikisha kwenye mpango wa ajira wa mtaa. Mpango huo uliwashika mkono watu wa aina mbili: wale waliotoka jela, na wale ambao hawakuwahi kufanya kosa lolote ila mifuko yao ilikuwa mitupu tu. Aliyeuendesha aliitwa Mama Mratibu, mama mchangamfu mno, anayecheka kabla hujasema kitu. Neno "jela" halikupita mdomoni mwake hata kwa dawa. Alisema "ndugu zetu waliokuwa mbali". Mtu akimuuliza, "Mbali wapi?" anajibu, "Mbali huko huko," halafu anacheka.

Mama Mratibu akampeleka Kufuli na wenzake watatu kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Wafanye kazi ya majaribio wiki nzima. Jumamosi mchana msimamizi aseme nani anabaki na nani anarudi nyumbani. Kufuli akapiga hesabu ya haraka. Jumamosi aambiwe, Jumapili wakwe waje. Hapakuwa na nafasi ya hata kupiga chafya.

Wenzake walikuwa hawa. Kwanza Bibi Mtungi, kikongwe mwembamba aliyefungwa kwa kupika pombe haramu, tena kali kiasi kwamba askari waliokwenda kumkamata walionja kidogo kwa ajili ya ushahidi wakalala hapo hapo mpaka asubuhi. Wa pili Mzee wa Viwanja, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, aliyekiuza kiwanja kimoja kwa watu wengi sana, mpaka siku walipokutana wote pale kila mmoja na tofali lake. Wa tatu ni Dada Mapacha, mama kijana wa watoto pacha. Huyu hakuwahi kufungwa. Yeye aliletwa na ufukara tu, na alikuwa na hamu ya kazi mpaka akiambiwa "simama" anauliza asimame kwa mguu upi.

Msimamizi wa dobi walimwita Bwana Pasi. Shati lake lilikuwa na mikunjo ungeweza kukatia mkate. Aliwapokea mlangoni, mikono nyuma.

"Mimi sikuombwa maoni," akaanza. "Ningeombwa, msingekuwa hapa. Lakini mmeshakuja. Hapa ni mashine, hapa ni kamba za kuanikia, kule ni meza za kupigia pasi. Na hiyo ni boila. Inatoa mvuke. Maji yakishachemka sawasawa, inapiga filimbi. Wafanyakazi wa zamani wanaiita Hakimu, kwa sababu ni nene, ina hasira, na ikipaza sauti kila mtu ananyamaza. Mna swali?"

Kufuli hakuwa na swali. Alikuwa ameshika neno moja tu: filimbi. Akamtupia jicho Bibi Mtungi. Bibi Mtungi naye alikuwa anamtazama Mzee wa Viwanja. Mzee wa Viwanja aliivua miwani, akaifuta, akairudisha.

Maana kule walikokuwa, filimbi ilikuwa na kazi moja. Ikilia, popote ulipo, unachuchumaa, mikono kichwani, na kuhesabiwa kunaanza. Wa kwanza anaita "Moja!", wa pili "Mbili!", hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Na huinuki, hata ukalie moto, mpaka askari aseme, "Hesabu kamili." Kufuli alishatoka jela, kichwa chake kilijua hivyo, moyo ulijua hivyo. Magoti yalikuwa hayajapewa habari.

Asubuhi ile Bwana Pasi alitazama saa yake ya ukutani, akatoka haraka kuelekea chooni. Muda si muda Hakimu akapiga filimbi, ndefu, kali, ya kupasua kichwa.

Kufuli alijikuta chini. Alikuwa ameshika shuka, sasa shuka lilikuwa juu ya kichwa chake na mikono yake juu ya shuka. Pembeni yake Bibi Mtungi alikuwa ameshachuchumaa kama msichana wa shule. Mzee wa Viwanja naye chini, miwani imeangukia puani.

Nyuma yao, kwa unyenyekevu mkubwa, Dada Mapacha aliwatazama wote watatu, akaweka kapu lake, akachuchumaa.

"Hesabu kamili," Mzee wa Viwanja akanong'ona, akiwasaidia wenzake. "Inukeni upesi."

Lakini walikuwa wamechelewa. Bwana Pasi alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Mmeangusha nini?"

"Kifungo, bwana," Mzee wa Viwanja akasema haraka. "Kifungo cha shati." Halafu akasikia alichosema, akakohoa.

Bwana Pasi hakucheka. Kitu cha ajabu, hakukasirika pia. Uso ulimpauka ukawa kama mashuka yake. Akatoa leso, akajifuta paji la uso. "Nisione tena," akasema kwa sauti nyembamba. "Mtu yeyote nitakayemkuta amechuchumaa humu ndani, Jumamosi asijisumbue kuja."

Wakati wa kula, wanne wale walikaa nyuma ya jengo, chini ya mashuka yaliyoanikwa.

"Tumekwisha," Kufuli akasema. "Hiyo filimbi inalia asubuhi, inalia mchana, inalia jioni. Jumapili nitawaambia nini wakwe? Kwamba magoti yamenifukuzisha kazi?"

"Magoti gani, kaka?" Dada Mapacha akauliza, mkate mdomoni.

Wakamweleza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, macho yamemtoka pima.

"Ala! Kumbe ni mambo ya huko? Mimi nilidhani ndiyo taratibu ya kazi!"

"Mwanangu," Bibi Mtungi akasema, "ulidhani watu wanachuchumaa ili shuka likauke?"

"Sasa mimi nitajuaje, bibi? Sijawahi kuajiriwa. Nikasema moyoni, labda mvuke ukitoka unapita juu, unaunguza vichwa." Akatafuna kidogo. "Tena nilichuchumaa vizuri kuliko mzee hapa."

"Mimi nina nyonga," Mzee wa Viwanja akajitetea.

Siku ya pili kila mtu alikuja na dawa yake. Bibi Mtungi aliziba masikio kwa pamba. Filimbi hakuisikia, kweli, ila hakusikia na kitu kingine chochote, na kila alichoambiwa na Bwana Pasi alikijibu "Marahaba, mwanangu." Mzee wa Viwanja alijitafutia ndoo, akawa anafanya kazi zake zote ameikalia, akiburuta ndoo kutoka mashine hii mpaka ile kwa kelele za kutisha, ili filimbi ikilia imkute tayari yuko chini na hana pa kwenda. Kufuli yeye aliwaza mbali zaidi. Alichukua vijiti viwili virefu vya kuanikia, akavichomeka ndani ya suruali, kimoja kila mguu, akavifunga kwa kitambaa juu ya goti na chini yake. Akatembea nusu siku kama korongo. Wapiga pasi walimpa pole wakidhani ana baridi yabisi.

Filimbi ikalia. Magoti yakataka kukunjika, vijiti vikakataa. Mwili ukabaki na njia moja tu. Kufuli alianguka mzima mzima kama mti uliokatwa, mikono kichwani, akaingia ndani ya kapu kubwa la mashuka machafu ya hospitali, na kapu likaondoka naye kwa magurudumu yake mpaka likagonga ukuta wa pili.

"Moja!" ikasikika sauti kutoka ndani ya kapu. Hilo nalo lilimtoka bila kupenda.

Na Dada Mapacha, ambaye alishaelezwa kila kitu, alikuwa amechuchumaa peke yake katikati ya chumba.

"Wewe tena?" Kufuli akamuuliza alipochomoa kichwa.

"Nimeshazoea, kaka," akasema kwa huzuni. "Na jana usiku kidogo nimewafundisha pacha. Leo asubuhi kijana mmoja kapita anawapigia wenzake filimbi ya mpira, wanangu wote wawili chini. Mume wangu kaniuliza hii kazi ni ya kufua au ya jeshi."

Katika kuhangaika huko, jambo moja Kufuli aliliona na hakulielewa. Kila mara filimbi inapokaribia, Bwana Pasi hayupo. Anatazama saa, anakaza midomo, anakwenda chooni, anakaa huko mpaka kelele ziishe. Asubuhi, mchana, jioni. Wapiga pasi walishazoea. Walisema tumbo la bosi lina saa yake, na kwamba amekunywa dawa za kila aina. Jingine: siku moja, wakati wa kula, Kufuli alimwona anakunja koti lake ili aliweke juu ya meza. Alilikunja mara mbili, akaingiza pembe zote ndani, akalipiga kiganja juu, pa! likawa tofali. Kufuli alikuwa ameikunja blanketi yake vile vile kila alfajiri kwa miaka. Akajiambia tu, mtu nadhifu huyu, akaendelea na mkate wake.

Ikafika Ijumaa. Bwana Pasi aliwakusanya asubuhi, akatangaza kwamba mchana mwenye dobi atakuja pamoja na Mama Mratibu. "Badala ya kungoja kesho, nitasema leo," akasema, bila kuwatazama usoni. "Nitasema ukweli wangu."

Kufuli akajua. Ukweli wa mtu anayetazama chini kuna siku ulikuwa mzuri? Akaenda kusimama nyuma ya kamba za mashuka, akajaribu kulisema lile neno la binti yake: nilifungwa, na sasa. Akalikata hapo. Na sasa nini? Na sasa nimekaa kwa dada yangu nasoma gazeti juu chini.

"Usilie, mwanangu," Bibi Mtungi akamwambia, akipita na kuni, pamba ya sikio moja imechomoka.

"Silii, bibi. Ni sabuni."

"Sabuni iko kule, macho yako yako huku. Haya, ngoja mimi nimfurahishe huyo mwenye dobi. Moto naujua. Akiingia akute mvuke unatoka kama wa gari moshi, atatupenda tu."

Bibi Mtungi ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya moto wa boila, na kwa moto hakuwa na mpinzani. Maisha yake yote alikuwa amechochea kitu fulani. Akavua shuka la mabega, akakunja mikono, akaanza kumlisha Hakimu kuni, moja baada ya nyingine, akimsemesha kwa upole kama anayemlisha mjukuu.

Mchana wageni wakafika. Mwenye dobi alikuwa mama mzee, mfupi, mwenye fimbo nyeusi na miwani minene. Mama Mratibu aliingia nyuma yake akicheka. Wapiga pasi wakaweka pasi chini, wakaamkia, "Shikamoo mama," akaitikia kwa wote mara moja. Dada Mapacha aliamkia mara mbili, kwa tahadhari.

Bwana Pasi akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa bado, kabisa. Akasimama mbele, akakohoa.

"Mama," akaanza, "nimewaangalia watu hawa wiki nzima. Si wavivu, hilo siwezi kusema. Lakini wana mienendo. Mmoja anafanya kazi juu ya ndoo. Bibi hasikii. Huyu mrefu aliingia mwenyewe kwenye kapu la nguo chafu. Na wote, mama, ikifika wakati fulani, wanafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulifanya mbele ya watu. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, naona kwamba..."

Hakimu akapiga filimbi.

Haikuwa filimbi ya siku zote. Kuni za Bibi Mtungi zilikuwa zimefanya kazi. Ilikuwa filimbi ya kuwaamsha waliozikwa, na ilikuja kabla ya wakati wake, na kila mtu alikuwa mahali ambapo hakutarajia kuwa.

Kufuli alishuka. Bibi Mtungi alishuka, pamba ilikuwa imeanguka. Ndoo ya Mzee wa Viwanja ilikuwa imefichwa kwa ajili ya wageni, naye akashuka na nyonga yake yote. Dada Mapacha alishuka kwa moyo mmoja.

Lakini wa kwanza kufika chini hakuwa hata mmoja wao. Mbele ya wote, mgongo umenyooka, visigino vimegusana, mikono kichwani, mikunjo ya shati ikiwa imesimama vilevile, alikuwa amechuchumaa Bwana Pasi. Na kwa sauti kubwa ya kijana, akaita:

"Moja!"

"Mbili!" Kufuli akaitikia.

"Tatu!" Bibi Mtungi.

"Nne!" Mzee wa Viwanja.

"Tano!" akamaliza Dada Mapacha, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi hata kuita polisi.

Filimbi ikazimika. Palibaki maji tu yanadondoka. Mama Mratibu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa anacheka. Wapiga pasi walikuwa wamesimama wameduwaa, na shuka moja lilianza kunuka kuungua.

Kufuli akainua macho. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa Bwana Pasi, mikono bado kichwani. Akaelewa yote kwa mpigo: koti, choo, uso uliopauka. Mtu huyu alikuwa amejificha chooni mara tatu kwa siku, miaka yote, peke yake. Na sasa alikuwa chini mbele ya kila mtu, hawezi kuinuka, maana kuna neno lilikuwa halijasemwa na humo ndani hapakuwa na askari wa kulisema.

Kufuli angeweza kumwacha hapo. Wiki nzima amemnyima usingizi. Badala yake akajikohoza, akasema kwa sauti ya mamlaka, ile nzito ya pua waliyokuwa nayo askari wa kule:

"Hesabu kamili. Inukeni."

Wote wakainuka. Bwana Pasi akainuka wa mwisho, akijipangusa magoti yasiyo na vumbi.

Mwenye dobi alikuwa ameegemea fimbo yake. "Kumbe ndiyo maana," akasema taratibu. "Na mimi siku zote nadhani una tumbo la kuendesha. Nimekununulia dawa ngapi, wewe?"

"Mama, naweza kueleza..."

"Ueleze nini? Kwamba ulifungwa? Nilijua siku ya kwanza uliponikunjia blanketi. Marehemu mume wangu alikuwa anakunja hivyo hivyo, pembe ndani, halafu pa! na yeye hakufundishwa na mama yake." Akamsogelea. "Nilichokuwa sijui ni kosa lenyewe. Ulifanya nini?"

Bwana Pasi akatazama viatu vyake. "Niliiba gari la taka, mama."

"La taka? Ili iweje?"

"Nilikuwa na msichana. Nilimwahidi nitamtembeza kwa gari. Sikuwa na gari."

Wapiga pasi wakaziba midomo. Mmoja alishindwa, akajificha nyuma ya shuka, na shuka likawa linatikisika.

"Na huyo msichana?" mwenye dobi akauliza.

"Ndiye mke wangu."

Hapo hata Hakimu alitoa mvuke kidogo, kama aliyepumua. Mama Mratibu alipata tena kicheko chake. "Kumbe hata bosi alikuwa mbali!" akasema, akijipangusa machozi. "Mbali huko huko!"

"Haya," mwenye dobi akamwambia Bwana Pasi, "ulikuwa na hotuba. Malizia. Ulifika kwenye 'naona kwamba'."

Bwana Pasi akawatazama wanne wale, mmoja mmoja. Alipofika kwa Kufuli alisimama kidogo.

"Naona kwamba," akasema, "wabaki. Wote. Niliogopa tu, mama. Kila nikiwaona wamechuchumaa naona kama wananiita mimi." Akanyoosha kola. "Ila huyu bibi apunguze kuni."

"Marahaba, mwanangu," Bibi Mtungi akajibu, kwa mazoea.

Jumapili dada yake Kufuli alipanga sebule kama ya harusi. Aliazima viti kwa jirani, akatandika vitambaa, akachemsha maji kwenye birika jipya alilolinunua makusudi kwa ajili ya wageni. Kufuli alivaa shati ambalo Bwana Pasi mwenyewe alikuwa amempigia pasi. Aliogopa kukunja mkono asije akajikata.

Wakwe wakaingia: baba wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa heshima zake na magoti mabovu, mama wa kijana, mwenye kitambaa kikubwa kichwani, na kijana mwenyewe, anayetoka jasho. Wakaamkiana, wakaulizana hali, wakasifu vitambaa. Halafu mwalimu mkuu akaweka mikono magotini.

"Mzee mwenzangu," akasema, "tusifichane, watoto wameshakubaliana. Sisi tumekuja kufahamiana tu. Wewe unajishughulisha na nini?"

Binti alikuwa amekaa upande wa pili, mikono mapajani. Akamtazama baba yake.

Kufuli akafungua mdomo.

Na jikoni, birika jipya, lile ambalo dada yake hakuwa amemwambia mtu kwamba lina filimbi, likalia.

Kufuli akashuka. Alijaribu, Mungu anajua, alishika kiti kwa mikono miwili, kiti kikashuka naye. Akawa chini kwenye mkeka, mikono kichwani, mbele ya wakwe zake.

Binti akainuka, akazunguka meza, akaja akachuchumaa kando ya baba yake, akamshika kiwiko. Kijana alipoona mchumba wake kachuchumaa, naye akachuchumaa, maana kwa wiki zile angemfuata hata kisimani. Mama yake akawatazama, akaona kwamba hakika ndivyo mambo ya posa yanavyozungumzwa katika nyumba hii, akaona aibu kubaki juu kama mtu asiye na adabu. Akakusanya nguo yake, akachuchumaa. Alibaki mwalimu mkuu. Akashika ukingo wa meza, akashuka kidogo kidogo, magoti yakilia kama milango ya zamani, mpaka naye akafika.

"Samahani," akasema akihema, "hatukujua. Huku kwenu mnakaa hivi muda mrefu?"

Kufuli akatazama nyuso zile, zote ziko sawa na uso wake, zinamngoja. Hapakuwa na pa kukimbilia, na kwa kweli hakutaka tena kukimbia.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nilifungwa. Niliiba makufuli. Kule filimbi ikilia tunachuchumaa, na magoti yangu bado hayajatoka. Na sasa nafanya kazi dobi. Tangu juzi ni ya kudumu. Nafua mashuka ya hospitali, ukiugua utayalalia."

Mkono wa binti ukamkaza kiwiko.

Mwalimu mkuu akafikiri. "Makufuli tu?"

"Makufuli tu."

"Na vitu vya ndani?"

"Vizito, mzee."

Mama wa kijana alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akamwegemea mwanawe asije akaanguka. Mwalimu mkuu naye mabega yakaanza kumtikisika.

"Kazi ni kazi," akasema alipoweza. "Na anayesema hivi akiwa chini, akisimama atasema nini? Sisi hatuna neno. Ila mzee mwenzangu, nakusihi kwa jina la hawa watoto, magoti yangu si ya leo. Tunainukaje?"

"Mpaka tuhesabiwe."

"Basi tuhesabu!"

"Moja," akasema Kufuli.

"Mbili," akasema binti yake, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Tatu," kijana.

"Nne!" mama mtu.

"Tano," mwalimu mkuu akaugulia.

"Sita!" dada yake akaita kutoka jikoni, akiwa amebeba birika. "Na chai tayari!"

"Hesabu kamili," Kufuli akasema, akampa mkwe wake mkono amwinue.